Mmempeleka Mzee Kuvua, Mkamvua Yeye

Klipu ina sekunde 52. Inaanza na droni ikipita juu ya Ziwa Victoria, maji yanang'aa kama bati jipya. Halafu paap, mzee wa miaka sabini na kitu kakaa ndani ya mtumbwi. Kavaa tisheti nyeupe yenye nembo ya kinywaji, juu ya tisheti laifu jaketi la rangi ya chungwa, na juu ya laifu jaketi wamembandika medali zake za jeshi. Mkononi kashikishwa fimbo ya kuvulia, ile ya kizungu yenye kigurudumu. Pembeni yake yupo staa, miwani myeusi, anapiga kelele: "Mzee babaaa! Twende kazi!" Mshipi unavutwa, sato anatoka majini, botini shangwe, muziki unapanda. Kapsheni: "Leo tumewaenzi mashujaa wetu wa vita kutoka Runazi." Emoji ya bendera, emoji ya samaki, emoji ya moyo, na mwishoni kabisa jina la mdhamini.

Jina la staa liache lilale. Kwanza mnamjua, pili hajaanza yeye na hataishia yeye. Kila Julai, Siku ya Mashujaa ikikaribia, lazima atokee mtu mwenye wafuasi wengi akumbuke ghafla kwamba nchi hii ina wazee waliopigana vita. Mwaka huu ikawa zamu ya samaki.

Sasa, watu wa kanda ya ziwa siyo wa kudanganywa kwa samaki. Mtoto wa Chato au Muleba anajua kukagua samaki kabla hajajua kusoma, kwa sababu akitumwa mwaloni na kurudi na aliyelala, anarudishwa. Sato aliyetoka majini muda huu huu anarukaruka, macho yamejaa, mashavu kwa ndani ni mekundu. Yule wa kwenye klipu macho yalikuwa meupe, mwili umekakamaa, mkia umenyooka kama mwiko. Tena alikuwa mdogo. Kwa sheria za uvuvi sato anayeruhusiwa ni wa kuanzia sentimita 25, na yule hata kwa kuhurumiwa hakufika. Yaani samaki wa kununua, tena wa magendo, akatundikwa kwenye ndoano chini ya maji ili mzee "amvue".

Na haikuishia hapo. Siku tatu baadaye ikatoka klipu ya pili, mbovu, inatikisika, imepigwa kwa simu na mtu aliyekuwa boti ya pembeni. Hii haina muziki. Mzee anamshika yule sato, anambonyeza kwa kidole gumba kama anavyobonyezwa parachichi, anamgeuza. Anasema taratibu: "Huyu amekufa jana." Botini watu wanacheka. Sauti ya mtu mwingine inasikika: "Babu, wewe tabasamu tu, usiongee."

Usiongee.

Mtu kavuka mpaka na bunduki, kazika wenzake njiani, karudi, kalima miaka arobaini na zaidi. Siku anayoambiwa ni siku yake ya kuenziwa, anaambiwa asiongee kwa sababu sauti yake inaharibu video. Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili: kuvua samaki na kuvua nguo. Wenzetu walitoka asubuhi wakafanya la pili wakidhani ni la kwanza. Kama mlishindwa kumvulia mzee samaki, si mngemvulia kofia tu mkaondoka?

Kwa wale wa mjini ambao Kagera wanaijua kwa senene tu, Runazi siyo kijiji cha wavuvi. Ni huko Biharamulo, nchi ya mashamba, mihogo, maharage, ndizi na mifugo. Ukisema barabara, watu wanakuonyesha upande wa Lusahunga na Nyakanazi, malori ya Rwanda na Burundi yanakopita usiku na mchana. Ziwa Victoria liko mbali, unalifuata kwa gari. Kwa hiyo wazee walibebwa na Coaster alfajiri, wakasafirishwa hadi ufukweni, wakavalishwa, wakapakiwa kwenye boti. Na katika maandalizi yote hayo, ya droni, ya tisheti, ya muziki, hakuna aliyeuliza swali ambalo mama yeyote angeuliza: babu unajua kuogelea?

Hilo swali siyo la utani. Mkoa huu una kumbukumbu na maji. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, mamia wakafa, na mzee yeyote wa Kagera leo atakwambia alikuwa wapi siku ile redio ilipotangaza. Kuna wazee huku ambao tangu mwaka ule hawajakanyaga chombo cha majini. Kumkuta mtu kama huyo amekaza mikono kwenye ukingo wa boti, halafu ukasema "ona babu anavyo-enjoy", inabidi uwe na miwani myeusi kweli kweli.

Sasa tuseme ukweli kuhusu vita yenyewe, maana nusu ya waliokomenti walidhani ni vita ya wakoloni. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Mutukula, yakaingia Missenyi mpaka ukingo wa Mto Kagera. Waliua raia, wakachukua ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari, daraja la Kyaka likalipuliwa, na Amin akatangaza eneo lote kaskazini mwa mto ni mali ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akaliambia taifa kwamba Amin atapigwa. Jeshi halikutosha. Zikachukuliwa silaha, mabasi na malori ya watu, wakachukuliwa polisi, magereza, JKT, na wakachukuliwa vijana wa mgambo kutoka vijijini. Wengi walienda Uganda kwa miguu. Siyo lugha ya picha, kwa miguu: Masaka, Lukaya, Entebbe. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, lakini mapigano yakaendelea kuelekea kaskazini hadi mwanzoni mwa Juni. Hata jina la mkoa limetoka hapo. Kabla ya vita uliitwa Ziwa Magharibi, ukaitwa Kagera mwaka 1979.

Piga hesabu. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amevuka 65. Aliyekuwa na 30 amevuka 75. Hawa watu wanapungua kila msimu wa mvua. Wale wa mgambo hawakuwa waajiriwa wa kudumu wa jeshi. Vita ilipoisha walirudishwa vijijini, wakachukua jembe pale walipoliacha. Nchi nayo ilikuwa hoi, Mwalimu aliwaomba wananchi miezi 18 ya kufunga mikanda, na ile miezi kila aliyeishi anajua ilikuwa mirefu kuliko 18. Hakukuwa na mtu wa kuwakalisha hawa vijana na kuwauliza mliona nini. Walinyamaza. Wakaoa, wakalea, wakanyamaza. Ndiyo maana leo mjukuu anakaa Sinza ana bando la wiki, anajua ugomvi wote wa mastaa, na hajui babu yake alifika Jinja.

Komenti zilivyokuja zilijigawa zenyewe. Kundi la kwanza ni chawa. "Kaka una moyo wa dhahabu", "Mungu akuzidishie", "wengine wanaongea wewe unatenda". Hao hawana haja ya kujibiwa, wako kazini.

Kundi la pili lilionekana lina akili zaidi, na lilipata laiki nyingi: "Wazee wetu hawahitaji samaki, wanahitaji hela na matibabu. Kuvua ni mambo ya wazungu." Hapa ndipo mjadala ulipoharibika, kwa sababu watu waliacha kumuuliza staa kuhusu mzee aliyenyamazishwa wakaanza kumtukana samaki. Samaki hana kosa. Na wazo la kumpeleka askari mstaafu majini siyo upuuzi. Limefanywa na watu wenye akili timamu, likafanya kazi, na ukiangalia walivyolifanya ndipo unaona hili la kwetu lilivyochakachuliwa.

Marekani, mwaka 2005, kwenye hospitali ya jeshi ya Walter Reed kule Washington, ofisa mstaafu wa jeshi la majini aitwaye Ed Nicholson alikuwa pale kwa matibabu yake mwenyewe. Akawaona vijana waliorudi kutoka Iraq na Afghanistan, huyu hana mguu, yule hana mkono, mwingine mzima wa mwili lakini halali usiku. Nicholson alikuwa mvuvi wa starehe. Akaanza kuwafundisha kurusha mshipi. Hawakuanza na ziwa wala boti. Walianzia kwenye nyasi za hospitali, mtu yuko kwenye kiti cha magurudumu anarusha mshipi kwenye majani makavu. Mradi ukaitwa Project Healing Waters, ukasambaa nchi nzima. Aina ya uvuvi wao unahitaji kufunga manyoya na nyuzi kwenye ndoano mpaka ifanane na mdudu. Ni kazi ya vidole, ya kukaa kimya, ya kukosea na kurudia. Askari wanakutana mara kwa mara, wiki hii na nyingine, wenyewe kwa wenyewe, na safari ya mtoni ni sehemu ndogo tu ya mambo yote.

Angalia kilichomo humo. Kuna muda mrefu. Kuna wenzako waliopitia uliyopitia, kwa hiyo hakuna wa kukushangaa. Kuna mikono yenye kazi, na mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka wenyewe, hili hata wanawake wanaochambua mchicha uani wanalijua bila kusomea. Na ukinyamaza, hakuna anayesema "babu changamka". Kuvua ni shughuli ambayo kunyamaza ndani yake siyo ugonjwa. Kwa mtu aliyenyamaza tangu 1979, kukaa mahali ambapo kimya chake hakisumbui mtu ni zawadi kubwa kuliko tisheti.

Sasa mtu wa kundi la pili anasema hayo ni ya wazungu. Kwani mababu wa huku walikuwa hawavui? Watu wa bara la Kagera wanajua maji yao: mito, mabwawa, matete, migono ya kusukwa ya kutega kambare. Kuna Mto Ruvubu kule Ngara unaokutana na Kagera pale Rusumo. Kuna Ziwa Burigi, ambalo sasa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyoanzishwa 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Leo ukiingia mle na ndoano bila kibali unashughulikiwa, na sababu za kulinda hifadhi zinaeleweka. Lakini Rubondo, hifadhi nyingine iliyo ndani ya Ziwa Victoria, mtalii akilipa anavua sangara kwa fimbo na anapigwa picha. Kwa hiyo kuna wazo hapa kwa mwenye wafuasi wengi na namba za wakubwa kwenye simu: ombeni kibali, siku moja kwa mwaka, wazee wa vita wakae kando ya maji ya kwao, wavue kwa namna wanayoijua, wakiongozwa na askari wa hifadhi. Hiyo ingekuwa habari. Hiyo hata mdhamini angeilipia. Ila inahitaji barua, kusubiri na kukataliwa mara mbili, na hakuna aliyewahi kutrendi kwa kuandika barua.

Halafu kuna huu mchezo wa kuvua saa sita mchana, mwezi wa saba, upepo wa kusi unapiga, ziwa limechafuka. Mvuvi gani alishauri? Ziwa Victoria linavuliwa usiku. Dagaa wanafuatwa na taa siku za giza, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanalala nyumbani. Nyavu za sangara na sato zinawekwa jioni, zinatolewa alfajiri. Mtu aliyekuuzia yule sato mwaloni alikuwa amerudi kazini saa nyingi, na alikuwa na mengi ya kukufundisha kuhusu kuvua. Hukumuuliza. Ulimuuliza bei.

Turudi kwenye hela, maana kundi la pili haliwezi kuachiwa hivi hivi. Ndiyo, wazee wanahitaji hela. Wanahitaji bima ya afya, wanahitaji dawa za presha na magoti, na lawama za mafao ya waliopigana zipelekwe kwa wenye dhamana ya kuzijibu. Hakuna anayebisha. Lakini ile sentensi ya "wapeni hela tu" nayo ina ubabe wake. Inamfanya mzee awe tumbo peke yake. Mtu aliyekomenti "wapeni hela" akiwa kwenye daladala hakutuma hata buku, akashuka kituo chake akiwa na amani moyoni. Hela inamtibu goti. Haimrudishii mwenzake waliyelala naye handaki moja, na haimpi mtu wa kumweleza jina la huyo mwenzake. Haya mambo mawili hayagombani. Binadamu anaweza kudai mafao Jumatatu na kutaka kukaa kando ya maji na marafiki zake Jumamosi. Mbona nyie mnadai mshahara na bado mnaenda beach?

Chawa mmoja mkubwa, mwenye tiki ya bluu, akaja na ile silaha yao ya siku zote: "Nyie mnaokosoa mmewafanyia nini hao wazee?" Swali zuri, na jibu lake kwa wengi ni "hakuna kitu". Sawa. Ila kuna tofauti kati ya asiyekupa maji na anayekupa kikombe kitupu mbele ya kamera halafu anataka unywe kwa furaha. Wa kwanza amekusahau. Wa pili amekukumbuka vizuri sana, akakutumia. Na mzee wa Runazi aliyekuwa amesahauliwa alikuwa bado na heshima yake kijijini. Akipita njiani watoto wanamwamkia, kwenye pombe ya ndizi anapewa kiti, kwenye msiba anasikilizwa. Sasa kuna vijana wa kijiji kile kile wana ile klipu ya pili kwenye simu. Wanamwita "Amekufa Jana". Staa amerudi zake Dar. Jina limebaki Runazi.

Hili ndilo ambalo watu wa mjini hawalipigii hesabu. Video ikishafutwa huku, kule imeshakuwa jina la mtu.

Mfano wa kuenzi vizuri upo, tena hapo hapo Kagera, tena unahusu mvuvi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba. Walikuwamo watu 43, wakafa 19, wakapona 24. Wavuvi na mitumbwi yao walikuwa wa kwanza kufika. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, nchi nzima ikalijua jina lake. Walimpa nini? Mkoa ulimkabidhi shilingi milioni moja, na likatoka agizo aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Unaweza kubishana kama milioni ilitosha. Lakini ajira ni kitu kinachoendelea kesho yake, na mwezi ujao, kamera zikiwa zimeshaondoka. Hawakumchukua kijana yule wakamvalisha tisheti wakamwambia ajifanye anaokoa tena, safari hii kwa ajili ya tangazo. Ingekuwa leo, na angekuwa ameangukia mikono ya staa huyu, nani ana uhakika?

Tena kuna kitu kimoja kinauma zaidi ya sato. Ukitoka Biharamulo ukashika barabara ya Bukoba, ukapita Muleba, unafika Kaboya. Pale ndipo yalipo makaburi ya askari waliokufa kwenye vita ya Kagera, mistari kwa mistari. Siku ya Mashujaa viongozi hufika, zinawekwa silaha za jadi, mkuki, ngao, sime, shoka, inapigwa tarumbeta, wanaondoka. Kwa mzee aliyeko Runazi pale siyo sherehe, pale kuna watu anaowajua. Inawezekana kuna wazee ndani ya ile Coaster ambao hawajawahi kufika, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ni hela ya mbolea. Safari ni ndefu kuliko ile ya ufukweni, ndiyo, lakini gari lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta mdhamini alilipa. Lilikunja kuelekea ziwani kwa sababu makaburi hayana mwanga mzuri wa droni na huwezi kuyachezea muziki.

Hakuna aliyewauliza wazee wenyewe. Hapo ndipo yote yalipoanzia. Huenda wangesema tunataka Kaboya. Huenda wangesema tunataka kuvua, twendeni. Huenda mmoja angesema mimi niacheni nyumbani, leteni wenzangu tukae chini ya mwembe. Mzee wa Kagera akiulizwa kwa adabu, ukikaa chini, ukaamkia, ukasubiri, atakujibu, ila hatakujibu dakika ya kwanza. Atakuuliza kwanza wewe ni mtoto wa nani, wa wapi, baba yako anaitwa nani. Ni yeye anakukagua kama unafaa kuambiwa. Mtu mwenye ratiba ya sekunde 52 hawezi kufika hatua hiyo.

Kuna tetesi kwamba staa anaandaa "sehemu ya pili" na kwamba timu yake inatafuta wazee wengine, safari hii Ngara. Kama ni kweli, wenyeji wa Ngara mna haki ya kuuliza mambo machache kabla Coaster haijaingia. Nani kawauliza wazee, na walijibu nini? Tisheti ya mdhamini ni lazima? Mzee akikataa kupigwa picha, bado anapanda gari? Mgonjwa akizidiwa ziwani, kuna nani wa kumhudumia? Na video nzima, siyo ile iliyokatwa, wazee wataiona kabla haijarushwa? Akishindwa kujibu hata moja, basi awaachie wazee kiti chao na pombe yao ya ndizi.

Na staa, kama chawa wako wanakusomea hizi habari: futa klipu, ile ya kwanza na nakala zake unazoweza kuzifikia. Halafu rudi Runazi bila kamera, bila miwani, na mtu mmoja tu anayejua lugha ya nyumbani. Mwombe yule mzee radhi mbele ya wale vijana wanaomcheka, siyo chumbani. Beba sukari na sabuni, ndivyo mtu anavyoingia kwa mkubwa. Akikusamehe, muulize anataka kwenda wapi. Ukimpeleka, usituambie.

Wadau mlio na babu au baba mdogo aliyepigana ile vita: mmeshawahi kumuuliza alifika wapi? Na kama kuna aliyempeleka wake Kaboya, tiririka hapo chini, alifanya nini alipofika.